Yuniti Tisini

Hesbon Khaemba alikuwa daktari asiyetibu watu. Kila alipokuja likizo nyumbani alilieleza jambo hilo, na watu wa Tongaren walimsikiliza kwa heshima, kisha wakavua kiatu wamuonyeshe kidonda. Shahada yake ya uzamifu ilikuwa ya uhandisi. Alisomea nadharia ya udhibiti, yaani elimu ya kukifanya kitu kijirekebishe chenyewe bila mtu kukisimamia. Pasi ya umeme ikipata moto wa kutosha hujizima, ikipoa hujiwasha. Hesbon alijua kuandika kwa hesabu kwa nini pasi moja hutulia kwenye joto lake na nyingine hupanda na kushuka mpaka ikaunguza shati.

Mwaka wa 2000, akiwa anamalizia tasnifu yake Uingereza, dada yake Edah alimpigia simu kutoka kibanda kimoja Kitale. Binti yake wa pekee, Emmy, alikuwa na miaka sita. Alikuwa anakunywa maji bila kukoma, anakojoa kila saa, na amekonda hadi mbavu zinahesabika. Hospitali walisema ni sukari, ile ya watoto, na kwamba atadungwa insulini maisha yake yote.

"Kila siku, Hesbon," Edah alisema. "Hata Krismasi."

Miezi ile ile Hesbon alisoma makala za watafiti waliokuwa wameunganisha jeni ndani ya bakteria zikafanya kazi kama swichi ya taa. Elimu hiyo ilianza kuitwa biolojia sanisi. Wengi katika idara yake waliiona kuwa mchezo wa maabara. Yeye alifikiria pasi ya umeme. Ikiwa jeni zinaweza kuwa swichi, basi chembe hai inaweza kuundwa ipime sukari mwilini, itoe insulini kiasi kinachotakiwa, na iache ikitosha. Alimwendea msimamizi wake akamwambia anahama. Msimamizi akamuuliza kama amewahi kushika bakteria maishani mwake. Hesbon akasema hajawahi.

Akaanza upya akiwa na miaka thelathini na mmoja, akijifunza kuchemsha vyombo vya maabara pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Edah alipouliza itachukua muda gani, alimjibu, "Miaka miwili." Mwaka wa 2003 alisema miaka miwili tena. Mwaka wa 2005 hakuulizwa, lakini alisema mwenyewe.

Ukweli ni kwamba bakteria zake hazikutulia. Kwa majaribio, badala ya insulini aliziwekea protini inayong'aa kijani, ili aone kwa macho zinafanya nini. Akiziongezea sukari, zilipaswa kung'aa kwa kiwango kimoja na kubaki hapo. Zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Kisha kila baada ya siku moja au mbili zilizima kabisa. Kubeba jeni alizozitia kulikuwa mzigo kwa bakteria, na kila iliyofanikiwa kuutupa ule mzigo ilizaliana upesi kuliko wenzake, mpaka chupa nzima ikajaa bakteria zisizokumbuka kazi. Alijaribu mara tisa. Mara nane zilishindwa. Mara ya tisa zilitulia kwa saa sitini, na hakuelewa kwa nini. Alichora grafu ya ile mara ya tisa, akaandika makala, na zile nane nyingine akazitaja kwa sentensi moja ambayo haikusema kitu. Makala ilitoka mwaka wa 2006. Akapata ufadhili wa miaka mitatu na ofisi yenye dirisha.

Desemba ya 2007 alikuja nyumbani kwa Krismasi. Alimletea Emmy, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, nakala ya jarida lililochapisha makala yake. Hakuleta vijiti vya mashine ya kupimia sukari. Mashine yenyewe aliituma mwaka wa 2004, vijiti vyake vikaisha baada ya mwezi mmoja, na tangu hapo kila safari alikuwa akisema atavileta. Uwanja wa ndege alikumbuka, akajiambia atanunua Nairobi. Nairobi alishuka kwenye ndege akiwa na usingizi.

Jumapili tarehe thelathini, matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa jioni, na usiku huo huo watu wakaanza kuchomeana nyumba kwa sababu ya kabila. Jumatatu asubuhi, siku ambayo Edah alipaswa kwenda Kitale kuchukua kichupa kipya cha insulini, hakuna gari lililotoka Tongaren. Moshi ulionekana upande wa Ndalu. Mume wa Edah, Mukhwana, alikuwa amekwama na lori mpakani Malaba. Alipiga simu mara moja, akasema hakuna mafuta, kisha salio likaisha. Zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa, wahudumu wamekimbia. Kuelekea Webuye walisema magogo yamelazwa barabarani kuanzia Bokoli.

Edah alitoa kichupa kutoka kwenye chungu cha maji alichokitumia kama jokofu, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Hesbon alivuta kwa sindano, akapima, akarudisha. Zilikuwa zimebaki yuniti tisini. Emmy alitumia ishirini na nane kwa siku.

"Siku tatu," Edah alisema.

"Tunaweza kuzivuta. Asile ugali, asile viazi. Mayai na mboga tu. Tunampa nusu."

"Na tutajuaje kama nusu imetosha?"

Hesbon alikirudisha kichupa kwenye chungu. Mfumo usiopimika hauongozeki. Hilo alilifundisha chuoni kila mwaka, wiki ya kwanza. Alifikiri kidogo kisha akatoka, akaenda hadi shule ya sekondari iliyo karibu na soko, akamtafuta mwalimu Absalom, aliyesimamia maabara. Shule ilikuwa imefungwa na Absalom alikuwa kwake, redio sikioni.

"Mwalimu, bado mna Benedikti?"

Absalom alimtazama. Ni ile dawa ya buluu ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha pili huitumia kutafuta sukari kwenye chakula: unachanganya, unachemsha, unaangalia rangi. "Ya nini, daktari? Unataka kufundisha?"

"Ni ya mkojo wa Emmy."

Absalom aliinuka. Alichukua funguo, wakafungua stoo, akampa chupa nzima, vibomba sita vya kioo na kibanio cha mbao. "Sukari ikiwa hakuna, inabaki buluu," alisema, kama mtu anayetaka kuhakikisha kuwa profesa anajua. "Ikiwa nyingi inakuwa rangi ya tofali."

Siku hiyo ya Jumatatu walimpa Emmy yuniti kumi na nne. Jioni kibomba kilikuwa cha chungwa, na Hesbon akaona si haba.

Jumanne, siku ya mwaka mpya, kiligeuka tofali. Alimdunga yuniti nane asubuhi. Saa nne akachemsha tena: tofali. Akamdunga nane nyingine. Saa sita: tofali, tena nzito kuliko ya mwanzo. Emmy alikuwa amekaa barazani akichambua kunde, akisema ana kiu. Edah alisimama nyuma ya kaka yake, mikono kwenye aproni. Hesbon alihisi yale macho mgongoni. Akamdunga kumi.

Saa nane kasorobo Emmy alimwita mama yake kwa jina la shangazi aliyekufa. Edah alicheka kidogo, kisha akaona shati la mtoto limelowa jasho. Kunde zilikuwa zimemwagika miguuni pake. Mikono ilikuwa inatetemeka, na macho yalitazama lakini hayakumwona mtu. Akaanguka upande mmoja kama gunia lililoegemezwa vibaya.

"Sukari," Hesbon alisema. "Lete sukari ya chai. Haraka."

Edah alipiga magoti, akampakaza mwanawe sukari ndani ya shavu na kwenye fizi kwa kidole, akimkanda koo ili ameze. Hesbon alishika kichwa. Dakika kumi zilipita. Emmy alifumba macho, akafumbua, akauliza kwa nini mdomo wake una mchanga.

Edah alimlaza kitandani ndipo akarudi barazani. Hakupaza sauti.

"Si ndiyo kazi yako hii?" alisema. "Miaka saba unasomea hii. Kupima na kurekebisha. Si ndivyo ulituambia?"

"Nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

Alijaribu kueleza. Mkojo hukusanyika kwenye kibofu kwa saa nyingi. Ile rangi ya tofali ya saa sita haikuwa sukari ya saa sita; ilikuwa ya asubuhi, kabla dozi hazijafanya kazi. Alikuwa akitazama habari za zamani na kuongeza dawa juu ya dawa. Kwenye darasa lake, somo hilo lilikuwa la wiki ya tatu, na alikuwa na mfano wa kuchekesha wa mtu anayeoga kwenye hoteli, maji ya moto yakichelewa, akifungua bomba zaidi na zaidi mpaka akaungua. Wanafunzi walicheka kila mwaka.

Edah alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo zimebaki ngapi?"

"Hamsini."

Edah aliingia ndani.

Kuanzia Jumatano Hesbon alibadilisha kila kitu. Emmy alikojoa, ule mkojo wa kwanza ukamwagwa. Akanywa maji, akangoja nusu saa, na ule wa pili, mpya, ndio uliopimwa. Dozi ilikuwa yuniti mbili mbili, mara nne kwa siku, na baada ya kila dozi hakuna kuongeza mpaka saa nne zipite, hata kibomba kiwe cha rangi gani. Ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri. Kukaa na kutofanya kitu, mtoto akiwa anamtazama kwa midomo mikavu, kulimtoa jasho. Alijua kwa hesabu kwamba yuniti nane kwa siku hazitoshi. Zingemchelewesha tu.

Alhamisi Emmy alimkuta nyuma ya jiko akichemsha kibomba. Alikuwa amejifunga leso mabegani ingawa jua lilikuwa kali.

"Khocha," alisema, kwa jina ambalo Wabukusu humwitia ndugu ya mama. "Ile dawa yako yenye iko kwa kitabu. Si hata ulete kidogo tu?"

"Haiko hapa. Iko kwa friji, Uingereza. Na si dawa bado. Ni bakteria zinazong'aa."

"Lakini zinafanya kazi. Nilisoma. Kuna ile picha ya mstari umelala."

Alikuwa amelisoma jarida. Kimombo kile kigumu, na alikuwa amefika hadi kwenye grafu. Hesbon alikitoa kibomba motoni. Njano inayoelekea chungwa. Alikiweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Hazifanyi kazi, Emmy."

"Tangu lini?"

"Hazijawahi. Nilijaribu mara tisa. Ile picha ni ya mara moja. Mara nane zilikataa, na hizo sikuziweka kwa kitabu."

Emmy aliangalia kibomba, si yeye. "Ulificha?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Angeweza kumwambia habari za ufadhili, ofisi, wenzake waliokuwa wakikimbia mbele yake. "Nilitaka iwe kweli," alisema. "Nilidhani nikipata muda nitaifanya iwe kweli kabla mtu hajagundua."

Kulikuwa na mlio wa sufuria ndani ya jiko. Edah alikuwa pale muda wote. Alitoka na sufuria mkononi, akawapita bila kuwatazama, akaenda hadi kwenye ua wa mabua, akasimama huko akiwapa mgongo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mkavu.

"Mwaka wa 2005 daktari wa Bungoma aliniambia nihamie mjini, karibu na hospitali," alisema. "Aliniambia huyu mtoto asikae mbali. Mukhwana alikuwa tayari, alikuwa amepata nyumba. Mimi ndiye nilikataa. Nilimwambia, hapana, bado miaka miwili, Hesbon anakuja na kitu."

Hesbon alifungua mdomo.

"Usiniambie pole," alisema Edah. "Sitaki."

Ijumaa Emmy hakula. Jumamosi alianza kutapika maji, na pumzi yake ikawa na harufu ya nanasi lililoiva kupita kiasi. Alipumua kwa nguvu, kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima, akiwa amelala chali. Hesbon aliijua ile harufu kutoka vitabuni. Mwili ulikuwa unajichoma mafuta yake wenyewe na damu inageuka asidi. Zilibaki yuniti kumi na nane. Akihesabu vyovyote, hesabu ilimfikisha mahali pamoja.

Jumapili alfajiri, kulipokuwa kumepambazuka vya kutosha kuona njia, aliazima baiskeli ya Absalom. Edah alimfungia chai kwenye chupa.

"Mpe mbili kila saa nne. Maji yenye chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, hata akitapika," Hesbon alimwagiza.

"Najua." Kisha Edah akasema, "Wakikuuliza huko njiani, sema jina la baba. Usianze kueleza mambo yako ya chuo."

Alisimamishwa mara tatu kabla ya kufika Kitale. Mara mbili walitazama kitambulisho, wakasoma jina, wakamwachilia. Mara ya tatu, vijana wenye rungu na macho mekundu walikuwa wamekalia gogo.

"Niaje, mzee. Unaenda wapi na hii siku?"

"Natafuta dawa ya mtoto. Ana sukari."

"Ati sukari? Si umnyime chai tu."

Wenzake walicheka. Mmoja, mkubwa kidogo, hakucheka. Aliuliza mtoto ana miaka mingapi, kisha akainua gogo upande mmoja kwa mikono yake mwenyewe ili baiskeli ipite. Hesbon alimshukuru. Mita mia mbili mbele alipita nyumba iliyoungua, mahindi ya ghalani bado yakitoa moshi, na alijua kwamba wale vijana walikuwa wameanzia hapo.

Kitale maduka yote yalikuwa yamefungwa. Duka la dawa ambako Edah alichukua insulini lilikuwa limevunjwa vioo, rafu zimeng'olewa, na vidonge vya kila rangi vimekanyagwa sakafuni kama mbegu. Jokofu lilikuwa limelazwa chali, mlango wazi, tupu. Hesbon alisimama katikati ya duka. Kisha akakaa chini juu ya vioo.

Mlinzi wa jengo jirani, Kipkemboi, ndiye aliyemwinua. "Mwenye hii duka alitoka Jumatatu," alisema. "Mama Gathoni. Yuko uwanja wa maonyesho, na wale wengine waliofukuzwa."

Uwanjani kulikuwa na maelfu ya watu, magodoro, masufuria, mbuzi wachache, na foleni ndefu ya maji. Alizunguka saa nzima akiuliza jina. Wangui, mama Gathoni, alikuwa amekaa juu ya sanduku chini ya turubai, mwanamke wa miaka hamsini hivi mwenye miwani iliyopasuka kioo kimoja. Familia yake ilikuja kutoka Nyeri, kwa Wakikuyu, kabla yeye hajazaliwa. Kitale ndiyo aliyoijua. Hesbon alijieleza. Alitaja Tongaren, alimtaja Edah.

"Nionyeshe kitambulisho," Wangui alisema.

Alimpa. Alikisoma pande zote mbili, polepole.

"Wale walikuja kwangu niliwajua kwa majina," alisema. "Mmoja nilikuwa nampa dawa ya pumu bila kumwandikia." Akamrudishia. "Huyo mtoto ni yule mrefu? Anauliza maswali mengi?"

"Ndiyo. Emmy."

"Anapumua namna gani?"

Hesbon alimwonyesha kwa kifua chake. Wangui alivua miwani, akafinya macho yake, akavaa tena. Kisha akasogea kwenye sanduku, akalifungua, akatoa chupa ya chai ya kuhifadhi joto. Ndani, kwenye maji baridi, vilielea vichupa vinne.

"Nilipotoka nilichukua hivi na picha ya mama yangu," alisema. "Hapa uwanjani niko na watu watatu wa insulini. Cha nne kilikuwa cha mzee Gicheru. Amekufa Ijumaa. Si sukari, ni moyo."

Alikitoa kimoja, akakikausha kwa kitenge, lakini hakukitoa mkononi.

"Hawa wangu nawadunga kwa kubahatisha. Sina mashine. Wewe ulikuwa unapima na nini?"

"Benedikti. Ya shule."

"Nifundishe."

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Emmy alikuwa kilomita thelathini na kitu mbali, na njia ilikuwa na vizuizi vitatu. Hesbon aliangalia kile kichupa, kisha watu watatu ambao Wangui alikuwa amewaita kwa mkono: mwanamke mjamzito, mzee mwenye fimbo, na mwanamume kijana, Muigai, aliyekuwa amevaa shati la shule anakofundisha. Aliketi chini. Aliwaeleza habari ya mkojo wa kwanza na wa pili. Aliwaeleza kwamba rangi inayoonekana ni ya wakati uliopita. Aliwaambia kosa lake la mwaka mpya, lote, pamoja na zile yuniti kumi za mwisho alizozidunga kwa sababu ya aibu. Aliandika kwenye karatasi mahali pa kuipata Benedikti na jinsi ya kugawa dozi. Muigai aliuliza maswali mazuri. Ilichukua karibu saa nzima, na kila dakika ilikuwa kama kutembea juu ya kaa la moto.

Wangui alimpa kichupa, akakifunga kwenye kitambaa chenye maji. Hesbon alitoa pochi. Mwanamke yule aliitazama kana kwamba ni kitu kichafu, akageuza uso.

Alifika Tongaren saa kumi na moja jioni. Emmy hakuitika jina lake. Edah alikuwa amekaa kitandani, kijiko mkononi, kanga yake imelowa matapishi. Hesbon alimdunga yuniti tano. Kisha akangoja. Hakuongeza. Saa tatu usiku, tano tena. Walipokezana kijiko.

Jumatatu adhuhuri ile harufu ilipungua. Jumanne Emmy aliomba maji kwa mdomo wake. Jumatano wanajeshi walifungua barabara, na pikapu ya kanisa ikawapeleka Bungoma kupitia Bokoli, Emmy akiwa amelazwa nyuma kwenye godoro. Alilazwa hospitali siku tisa. Daktari aliyempokea aliangalia daftari la rangi na dozi, akasoma kurasa zote, akasema angekuwa amekufa Jumapili. Hakusema kama ni sifa au lawama, na Hesbon hakuuliza. Mguu wa kushoto wa Emmy ulibaki na ganzi kwa miezi mingi.

Februari Hesbon alirudi chuoni. Wiki ya kwanza aliandika barua kwa wahariri wa jarida, akaomba makala yake iondolewe, akaambatanisha majaribio yote tisa. Mkuu wa idara alimwita. Alimwambia kwa upole kwamba wengi wangeandika marekebisho mafupi tu, na kwamba anajimaliza bila sababu. Hesbon alisema anajua. Ufadhili ulisimamishwa mwezi wa Aprili. Mwanafunzi wake wa pekee wa uzamifu, Nyambu, aliyetoka Taita na kumwamini kama baba, alihamishiwa kwa mtu mwingine; siku ya kuaga alimpa mkono bila kumtazama, na hilo lilimuumiza kuliko barua zote. Mkataba wake ulipoisha Juni haukuandikwa upya. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Vyuo vinne alivyoomba kazi, viwili havikujibu.

Agosti alishuka Bungoma na masanduku mawili. Edah na Mukhwana walikuwa wamehamia mjini, nyumba ya vyumba viwili, dakika kumi kwa miguu kutoka hospitali. Edah alikuwa anapukuchua mahindi yaliyotoka shambani. Alisogeza kigoda, Hesbon akakaa, akaanza kupukuchua naye.

"Nilikuwa na hasira na wewe," Edah alisema. "Nilikuwa nikiamka nayo. Sasa nimechoka tu."

"Ni haki yako."

"Umepata kazi?"

"Kufundisha fizikia. Shule moja huko Bokoli. Ya muda."

Edah aliitikia kwa kichwa. Alimimina punje kwenye ungo, akapeta.

Emmy alirudi kutoka shule na sare yake, akikokota kidogo ule mguu. Alimwamkia khocha yake, akaweka mkoba, akaenda kwenye rafu akapima sukari yake kwa mashine, maana safari hii vijiti vilikuwepo. Aliandika namba. Kisha akaja akasimama mbele yao.

"Mama aliniambia umeacha ile kazi."

"Waliniachisha. Lakini ndiyo. Nimeacha."

"Kwa hivyo hakuna mtu anaendelea nayo."

"Wapo. Amerika, Uswisi, sehemu nyingi. Wako wengi kuliko tulipoanza. Baadhi yao ni wazuri kuliko mimi."

"Wataweza?"

"Sijui. Si miaka miwili. Labda ishirini. Labda hawataweza."

Emmy alifikiria hiyo miaka ishirini. Alionekana kuihesabu kwenye umri wake mwenyewe, kisha akaachana nayo.

"Hao watu," alisema, "wanajua mimi niko?"

Hesbon aliacha kupukuchua, gunzi mkononi. Kwa miaka saba alikuwa amekaa nao kwenye mikutano, amekula nao, ameonyesha grafu. Alikuwa amesema "mgonjwa" mara elfu. Hakuwa amewahi kutamka jina.

"Hapana," alisema.

"Basi waambie," Emmy alisema, akaingia ndani kubadilisha nguo.